Babu Hakupigania Uhuru

Babu yangu mzaa mama hakupigania uhuru wa Uganda. Naanza na jambo hilo kwa sababu siku ya mazishi yake, mwaka 2006, kijijini kwetu wilayani Kumi, karibu kila aliyepewa nafasi ya kusema chini ya lile turubai alimwita mpigania uhuru, na tangu ukoo ulipokubaliana mwaka huu kulijengea upya kaburi lake, binamu zangu wawili wamekwisha kupendekeza kwamba maneno hayohayo yachongwe kwenye jiwe. Wamependekeza kwa nia njema. Lakini mimi nililelewa na mzee huyo mjini Jinja, katika nyumba ndogo ya Walukuba, tangu nilipoachishwa ziwa hadi nilipomaliza shule, na nilimsikia mara nyingi akiyakataa maneno hayo, mara kwa kicheko, mara kwa hasira. Alisema kwamba alikwenda katika Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu chifu alitakiwa kutoa vijana, naye alikuwa kijana, na kwamba mshahara wa askari ungemwezesha kununua baiskeli na ng'ombe wa mahari. Mfalme Joji wa Uingereza hakumjua yeye, wala yeye hakumjua Mfalme Joji.

Kwetu sote alikuwa Babu, na mkewe, Msoga wa upande wa Iganga, alikuwa Jaja. Babu alikuwa Mteso. Kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa tayari kushindwa nyumbani mwake, mambo yote yaliendeshwa kwa Kiswahili alichorudi nacho Babu kutoka jeshini, na hilo linawajibu wasomaji wangu wa Kampala ambao hawaachi kuniuliza kwa nini naandika kwa lugha hii.

Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Karani wa jeshi alimtazama meno, akampima kifua kwa utepe, akaandika 1921, na tangu siku hiyo Babu akawa mtu wa 1921 katika kila karatasi aliyoijaza hadi kufa kwake. Mtaani alijulikana kama Mzee Bama, kwa jina la nchi aliyokwenda vitani, Burma, ambayo leo ni Myanmar, na wengi waliamini kwamba alikuwa mbeba bunduki wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, katika ile batalioni ya nne iliyokuwa ya Uganda. Hakuwa huko. Alikuwa dereva katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki, na ingawa watu wa nyumbani waliwaita wote keya, yeye alisisitiza tofauti hiyo, kwa sababu aliona ni aibu mtu aliyekaa nyuma ya usukani kujivika jasho la mtu aliyelala handakini. Jina la KAR lilimkera kwa sababu nyingine pia: vijana walipolisikia walimkumbuka Idi Amin. Babu aliwajibu upesi kwamba Amin aliingia KAR mwaka 1946, wakati yeye anatoka, na kwamba langoni hawakusalimiana.

Alivuka bahari kutoka Mombasa kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwanzoni mwa mwaka 1944. Siku hizohizo, tarehe 12 Februari, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kabla watu hawajapata wasaa wa kushusha mashua, na watu 1,297 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa katika meli nyingine. Baadhi ya vijana walioangamia aliwajua kwa sura na kwa utani, kwa kuwa walikuwa wamekaa kambi moja nchini Kenya. Meli iliyomrudisha ilipotia nanga Mombasa baada ya vita, aliapa kwamba hataingia tena katika chombo cha majini, na kiapo hicho alikitimiza kwa miaka sitini akiishi kando ya Ziwa Viktoria. Wavuvi wa Masese walikuwa rafiki zake wakubwa, lakini samaki wao aliwangojea nchi kavu.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, iliingia katika bonde la Kabaw, huko Bama, mwezi Agosti 1944, mvua za monsuni zikiwa zimepamba moto. Barabara iliyotoka mji wa Tamu kwenda kusini iligeuka tope ambalo lori la tani tatu lilizama ndani yake hadi ekseli, na sehemu kubwa ya chakula na risasi ikabidi iangushwe kwa ndege. Madereva waliteremka, wakashika mashoka na kukata miti, wakailaza barabarani gogo kwa gogo ili magari yapite juu yake. Babu alisema kwamba alikwenda Bama kuendesha gari, akaishia kupanda magogo kama mihogo. Mwanzoni mwa Desemba mji wa Kalewa ulitekwa, na juu ya mto Chindwin wahandisi wakatandika daraja la chuma la aina ya Bailey, lililoelea juu ya maji, lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina hiyo duniani kwa wakati huo. Hicho ndicho kisa pekee cha vita alichokisimulia bila kuombwa. Alieleza jinsi daraja lilivyobonyea chini ya magurudumu ya mbele na kuinuka chini ya yale ya nyuma, jinsi dereva alivyotakiwa kuchagua gia kabla ya kupanda na kutoibadilisha hata kidogo hadi ng'ambo, na jinsi alivyotazama mkia wa lori lililomtangulia na kukataa katakata kuyatazama maji. Wajomba zangu wote aliwafundisha kuendesha gari kwa sheria za daraja hilo. Wakikosea gia mlimani, aliwauliza kama wanataka kumzamisha Chindwin.

Alichokiogopa zaidi huko, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa mbu. Bonde la Kabaw lilisifika kwa malaria hata kabla ya vita, na homa nyingine zilizoletwa na wadudu wa nyasini ziliwaua wanaume waliokuwa wameponea chupuchupu kwenye risasi. Kila siku askari walipangwa mstari wakapewa kidonge cha mepakrini, kichungu na cha manjano, na mkubwa wao alisimama mbele yao kuhakikisha kila mmoja amemeza, hata ngozi zao zikaanza kugeuka manjano kama kidonge chenyewe. Wapo waliokitema wakiamini uvumi kwamba kinaondoa nguvu za kiume. Babu alimeza vyote, na baadaye alipenda kuwaonyesha wageni watoto wake saba kama ushahidi.

Ndiyo maana chandarua kilikuwa amri nyumbani kwetu miaka mingi kabla serikali haijaanza kuvigawa vijijini. Jaja alivishona kwa kitambaa cha wavu alichokinunua kwa yadi, na Babu alivikagua kila usiku akiwa na taa ya chemli. Namwona hadi leo alivyofanya. Aliiinua taa kwa mkono wa kushoto, mbali na wavu, akapitisha kiganja cha kulia ukingoni mwa godoro kuanzia miguuni kuja kichwani. Palipolegea alipachomeka kwa vidole viwili, palipotoboka alipafunga kwa uzi mweusi aliouweka pamoja na sindano ndani ya mkunjo wa kofia yake. Alifanya hivyo bila kusema neno. Ukiwa macho ulijifanya umelala fofofo, kwa sababu aliyekutwa macho aliulizwa kama alimeza klorokwini yake ya Jumapili, na kama jibu halikutoka haraka, kidonge kilitoka. Malaria tuliugua hata hivyo, kama watoto wote wa Jinja, lakini katika mtaa uliozika watoto wengi, nyumba yake haikuzika hata mmoja, na kati ya yote aliyoyafanya maishani hilo peke yake ndilo nililowahi kumsikia akijisifia.

Alirudi mwaka 1946. Treni ilimshusha katika stesheni ya Kumi akiwa na koti la jeshi, blanketi, sanduku la bati na kiinua mgongo chake. Medali tatu zilifika baadaye. Mwaka 2019 vyombo vya habari vilitangaza nyaraka zinazoonyesha kwamba kiinua mgongo cha vita hivyo kilipimwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi na kwa rangi ya ngozi, na kwamba Mwafrika alipewa kama theluthi moja ya alichopewa Mzungu wa cheo hichohicho. Mjomba aliposoma habari hizo alisukuma sahani yake akaondoka mezani. Babu alikuwa amekwisha kufariki, lakini sidhani kama angeshangaa, kwa kuwa mtu aliyelala hema tofauti na kula mgao tofauti kwa miaka yote hiyo hakuhitaji kungojea nyaraka. Yeye alilieleza jambo hilo kwa hesabu yake: fedha zilitosha baiskeli, hazikutosha ng'ombe. Na kwa kuwa hazikutosha ng'ombe, aliikanyaga baiskeli hadi Jinja kutafuta kazi, na huko akampata Jaja. Kwa maana hiyo, nadhani, wajukuu wote tumetokana na upungufu wa kile kiinua mgongo.

Ujenzi wa bwawa la Owen Falls ulianza mwaka 1949, na dereva aliyekwisha kupita Kabaw hakuhitaji barua ya mtu. Alibeba mawe na mchanga. Jaja aliwauzia wajenzi chai na mihogo ya kuchemsha, akawa anamkopesha kila dereva isipokuwa yeye, kwa madai kwamba Mteso atahama usiku. Hakuhama. Wazazi wa Jaja walisita kumpa binti askari wa kabila jingine, asiye na ng'ombe mahali pa kuonekana, na walipokubali, mahari aliilipa kwa mafungu yaliyomchukua miaka. Fungu la mwisho lilifika Iganga mama yangu akiwa amekwisha kuanza shule. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth alipokuja kulifungua bwawa, Babu alisimama katika umati na mama yangu, mtoto wa miaka mitatu, akiwa mabegani mwake. Baba wa huyu alinituma Bama, alimwambia Jaja, na binti yake amekuja kutazama mawe yangu. Halmashauri ya umeme ilimwajiri baada ya hapo, akaendesha magari yake hadi alipostaafu mwaka 1976. Bwawa siku hizi linaitwa Nalubaale, nalo lilimeza maporomoko ya Ripon ambayo Wasoga waliyajua kabla ya Mzungu yeyote. Jaja alimkumbusha hilo kila alipozidisha majivuno.

Sasa niseme habari za nyumbani, ambazo wasemaji wa siku ya mazishi walizipita kwa sentensi moja. Babu alipiga pasi. Kila Jumapili jioni alitia mkaa ndani ya pasi, akaipungia hewa kwa mfuniko wa sufuria hadi majivu yaruke, akajaribu joto kwenye gazeti kuukuu, kisha akapiga sare za shule za watoto wote, za kike kwanza, kwa sababu zilikuwa na marinda, na marinda hayataki haraka. Majirani wanaume walimcheka. Alijibu kwamba jeshini hakukuwa na wanawake, na hakuna aliyekwenda gwaride na mikunjo. Asubuhi tulipangwa ukumbini kwa kimo. Alitazama kucha, masikio na visigino, akagonga soli ya kila kiatu kwa kidole kama alivyogonga matairi ya lori kwa spana kabla ya safari, na kiatu kilicholia vibaya kilibaki nyumbani pamoja na mwenyewe mpaka kishonwe. Siku ya mshahara alimkabidhi Jaja bahasha ikiwa bado imefungwa, akangoja kwenye kigoda apewe yake ya malwa, pombe ya ulezi. Kila Jumamosi alikaa na Wateso wenzake kuzunguka chungu, mrija mdomoni, akarudi kabla ya giza akiimba nyimbo za kutembelea za askari, nyingine zikiwa na maneno ambayo Jaja aliyafunika kwa kelele za sufuria.

Alipoulizwa na wazee wenzake kwa nini anawapeleka sekondari mabinti ambao wataolewa tu, hakutoa hotuba. Mwaka 1964 karo ya mama ilipopungua, aliiuza ile baiskeli. Alitembea kwa miguu kwenda kazini kwa miaka miwili, na mama, ambaye baadaye alikuwa mwalimu, hajawahi kusimulia habari hiyo hadi mwisho bila kunyamaza katikati.

Sitaki kumfanya malaika, maana yeye mwenyewe angenifukuza. Alikuwa mkali kupita kiasi, hakujua kuomba radhi kwa kinywa, na akikasirika alinyamaza hata wiki nzima huku nyumba yote ikitembea kwa ncha za vidole. Mwaka 1986 Mjomba mdogo alitaka kujiunga na jeshi, kama vijana wengi wa wakati ule, na Babu akamkatalia mbele ya wageni kwa maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mwanawe. Alimshika mkono siku iliyofuata akampeleka gereji, akamlipia mwaka wa kwanza wa kujifunza ufundi. Mjomba alikwenda, lakini hawakusemezana kwa miezi mingi. Waliwasiliana kupitia kwa Jaja wakiwa wamekaa meza moja. Nilikuwa mtoto mkubwa wa kutosha kuona kwamba Babu ndiye aliyeumia zaidi. Upatanisho wao ulikuja siku alipomletea Mjomba redio isiyokuwa na ubovu wowote, akamwomba amtengenezee.

Watu wa umri wangu waliokulia Jinja wanajua kwamba Kiswahili hakikuwa na sifa njema wakati wa Amin. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, lakini kwa wengi kilikuwa lugha ya watu waliogonga mlango usiku, hata Jaja akatukataza kukitumia sokoni. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, Jinja iliingia katika siku za kungojea, huku uvumi ukienea kwamba askari wanaokimbia watalilipua bwawa. Nilikuwa na miaka sita, na ninachokikumbuka ni Babu akitutandikia mikeka chini ya kitanda na kutukataza kusimama dirishani. Watanzania waliingia tarehe 22, na bwawa likapatikana zima. Asubuhi yake Babu alivaa koti la zamani la jeshi, akalivua Jaja alipomwambia kwamba atapigwa risasi kwa kudhaniwa askari wa Amin, akavaa kanzu, akaenda kusimama kwenye kizuizi cha barabarani ili awatafsirie majirani wasioelewa walichoulizwa. Alikaa hapo siku kadhaa. Ofisa mmoja kijana alimsikiliza kwa muda, akamwuliza, Mzee, Kiswahili hiki umekitoa wapi? Babu akapiga saluti. Kwa Mfalme Joji, afande.

Mambo mengine ya Bama hakuyasema. Alikuwa na rafiki, dereva mwenzake kutoka upande wa Lango, aliyekufa kwa homa katika bonde lile akazikwa kando ya barabara, na kila alipoombea chakula Babu alilitaja jina la mtu huyo kabla ya kutaja ya kwetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la mtakatifu. Nilipokua nilimwuliza, akaniambia tu kwamba huyo alikuwa mtu mzuri, na kwamba walimchimbia katika mvua, kaburi likijaa maji kadiri walivyolichimba. Makaburi ya askari wa Afrika Mashariki yapo hadi leo katika uwanja wa maziko ya vita wa Taukkyan, karibu na Yangon, yakitunzwa vizuri, nyasi zimekatwa. Kama huyo rafiki alihamishiwa huko sijui kwa hakika, lakini Jaja aliendelea kulitaja jina lake mezani hata baada ya Babu kufa.

Nchi yetu ina siku nyingi za kuwakumbuka askari. Tarehe 26 Januari ni ya waasi wa Museveni kuitwaa Kampala mwaka 1986; Tarehe Sita, yaani 6 Februari, ni ya shambulio lao la Kabamba la mwaka 1981; tarehe 9 Juni ni ya mashujaa wote kwa jumla. Wazee wa Bama, wale ambao Waganda waliwaita abaseveni, hawana mahali palipo pao hasa katika kalenda hiyo, na naelewa sababu: walipigana chini ya bendera ya watu waliokuwa wakitutawala. Nadhani ndiyo maana wasemaji msibani huwatengenezea uhuru wa kupigania, kama kwamba bila huo hatuna haki ya kuwalilia. Ni kweli kwamba askari waliorudi walikuwa wameona Mzungu akiogopa na Mzungu akifa, na kwamba baadhi yao walirudi na maswali ambayo serikali ya kikoloni haikuyapenda. Babu hakuwa mmoja wa hao. Hakuingia chama chochote. Tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ya Uganda ilipopanda, alikuwa zamu akiendesha gari la mafundi wa umeme, na alichosimulia kuhusu usiku huo ni kwamba taa za mji hazikuzimika hata mara moja. Kwangu hiyo inatosha. Kwenye jiwe nimependekeza kwamba yaandikwe majina yake, mwaka ule wa karani, kazi yake ya udereva na majina ya watoto saba, na Mjomba ameniunga mkono. Binamu zangu bado wanataka neno shujaa liingie mahali fulani, na sitagombana nao kwa ajili ya hilo.

Alifariki nyumbani, Walukuba, baada ya kuugua kwa muda mfupi, akiwa ametimiza miaka 85 kwa hesabu ya jeshi. Tulimsafirisha kwa barabara ya Tirinyi hadi Kumi, na gari liliendeshwa na Mjomba mdogo, aliyekataa kumpisha mtu mwingine usukani.

Limebaki suala la medali, ambalo wengi wa ukoo huniuliza. Mbili ziko kwa Mjomba mkubwa mjini Jinja, na baada ya mashauriano zitakwenda kwa binamu yetu anayeendesha malori kati ya Mombasa na Juba. Ya tatu, Nyota ya Bama, ile yenye utepe wa buluu iliyokoza na mstari mwekundu katikati, Babu alimpa mama yake tangu zamani, ikakaa Kumi, na mama huyo alipofariki ikabaki kwa mdogo wake Babu pamoja na ng'ombe ambao Babu aliwanunua mmoja mmoja kutokana na mshahara wake. Wizi wa mifugo ulioikumba Teso katika miaka ya mwisho ya themanini uliwafagia ng'ombe wote, na familia ikakimbilia mjini usiku. Mwaka 1988 huyo mdogo wake alifika kwetu Jinja amekonda, akiwa na mfuko mmoja. Babu alimwuliza habari za watu, jina kwa jina. Kisha akamwuliza habari za ng'ombe, rangi kwa rangi, kama Wateso wanavyowajua ng'ombe wao. Kisha akaagiza posho iletwe. Kuhusu nyota ni mgeni mwenyewe aliyeanza, siku ya pili, akiomba msamaha. Babu alimwambia kwamba ile ilikuwa ya mama, lakini wale ng'ombe walikuwa karo ya watoto, na mazungumzo yakarudi kwa ng'ombe.

Sisi ndio tunaoitafuta sasa. Waingereza hawakuchonga majina ya askari kwenye nyota hizo, kwa hiyo hata ikionekana kwa mwuza vyuma sokoni haitasema ni ya nani. Mjomba anasisitiza kwamba ataitambua, kwa sababu mama yake Babu alitaka kuivaa shingoni kwa kamba na akaitoboa kwa msumari. Mwenye kuiona, tundu liko kwenye pembe ya juu, upande wa kushoto.